Chai ya Vidonge Vinne

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja upande wa Mkongani, Muuguzi Msimamizi alinipa ndoo na kitambaa kabla hata ya kuniambia jina lake. "Anza na sakafu," akasema. "Mgonjwa utamjua baadaye." Nilinuna, maana nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu na kiburi changu. Siku hizo tulitibu malaria, kuhara na majeraha ya panga. Kisukari, yaani mwili kushindwa kuitumia sukari iliyomo damuni, tulikiona kwa nadra tukakiita maradhi ya matajiri.

Miaka ikapita, nikahamishiwa kliniki ya kisukari katika hospitali moja karibu na Msambweni. Matajiri wangu wakawa wakulima wa minazi na wauza samaki. Daktari Msimamizi, mtu wa bara, alikuwa mkali. "Sista, hawa watu na chai yao!" alinifokea. "Waambie watoe sukari kwa nyumba, yote."

Nikawa hodari wa kuitoa. Vidonge vya utamu na soda zisizo na sukari vilipojaa madukani Ukunda, niliona nimepata jawabu. Vitu hivyo huuhadaa ulimi tu, damu haviipi sukari ya maana. Lakini mgonjwa alikunywa chai ya kidonge, akajiona amepunguza vya kutosha, kisha akamaliza mahamri sita. Wataalamu bado wanabishana kama utamu mtupu huongeza hamu ya kula. Mimi niliyaona mahamri.

Bi Mwanasha, mshona makuti wa Diani, alikuwa mwanafunzi wangu bora. Alijidunga insulini, dawa ya sindano inayoshusha sukari. Binti yake, Mwanakombo, aliondoa nyumbani sukari, asali, hata tende, akabakisha vile vidonge vya utamu tu. Niliwasifu mbele ya kliniki nzima. Nilichosahau kuwaambia ni upande wa pili: insulini ikizidi chakula, sukari hushuka mno, na hapo sukari yenyewe ndiyo humrudisha mtu. Foleni ilikuwa ndefu siku ile. Hiyo si sababu, naitaja tu.

Ramadhani ikaingia. Bi Mwanasha alikatazwa kufunga, akafunga. Alasiri moja alianza kutetemeka na kutokwa jasho, maneno yakamvurugika. Mwanakombo alikuwa amesikia kwamba mtu wa hali hiyo hupewa kitu kitamu, basi akamfungulisha kwa chai ya vidonge vinne. Akamnywesha kikombe cha pili. Akangoja. Walipofika kwetu kwa tuktuk, mama alikuwa hajitambui, na kipimo kilionyesha sukari iko chini kabisa. Tukamtilia dripu ya glukosi. Macho aliyafungua, ila akili haikurudi.

"Nani alimpa hiyo chai?" Daktari Msimamizi akauliza.

"Ni mimi, daktari. Ilikuwa tamu sana, niliionja."

"Kwani hamkufundishwa?"

Mwanakombo alinitazama, kisha akainamisha kichwa. "Tulifundishwa. Labda mimi ndiye sikusikia vyema."

Faili lilikuwa mkononi mwangu. Niliogopa kuachishwa kazi, na niliona haya. Nikaandika: familia haikufuata maelekezo.

Bi Mwanasha aliishi mwaka na ushei bila kumtambua binti aliyekuwa akimlisha.

Tangu hapo hakuna mgonjwa wa insulini aliyetoka mlangoni kwangu bila kuambiwa aweke sukari ya kweli karibu, na jamaa zake wajue ni ya nini. Nilipostaafu, Muuguzi Mkuu alisimama akanisifu kwa jambo hilo hilo, watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze. Nyinyi mnaoanza kazi leo, mkimwondolea mtu kitu, mwambieni pia siku atakayokihitaji.

Sasa ninakaa Kombani. Mwanakombo hunikuta sokoni, hunishika mkono kwa heshima.

"Shikamoo, Sista. Niombee, Mwenyezi Mungu anisamehe lile kosa langu kwa mama."

"Marahaba, mwanangu. Mungu ni mwingi wa rehema," humjibu, nikaendelea kuchagua nyanya.

Nyinyi nimewaambia. Yeye sijamwambia.