Mdomo wa Mwalimu Leonida

Mwalimu Leonida alifundisha Kiingereza katika shule ya msingi hapa Malaba mpaka akastaafu, na somo lake kubwa lilikuwa moja: ship ni meli, sheep ni kondoo. Msicheke. Katika lugha zetu za nyumbani tofauti hiyo haituhusu, lakini hapa ni mpakani, malori hutoka bandarini, na kijana akimwambia mkubwa wake wa Mombasa kwamba kondoo amechelewa kutia nanga, kazi hana. Leonida mwenyewe meli hajawahi kuiona.

Dawa yake haikuwa ya sikio, ilikuwa ya jicho. "Angalia mdomo yangu," alikuwa akisema. Kwa sheep alivuta midomo kama anayetabasamu. Kwa ship aliilegeza na kulikata neno upesi. Mtoto aliyemtazama vizuri hakukosea tena. Mimi, muuza chai wa uwanja wa malori, nilijifunzia dirishani, bure.

Mwaka wa tisini na sita binti yake wa pekee, Naliaka, aliolewa na Oundo, taniboi, yaani msaidizi wa dereva wa trela, kijana wa Bumala mwenye cheti cha kidato cha nne na adabu nyingi. Ng'ombe wakaja, tukala, tukashukuru. Kisha ikatokea nafasi ya ukarani huko Mombasa, katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Meneja angekuja Malaba siku ya Ijumaa kuwasaili vijana kwa Kiingereza, na ilijulikana kwamba karani aliyetangulia alifukuzwa kwa ajili ya kondoo.

Oundo alisema sheep kwa vyote viwili. Na mwalimu bora wa maneno hayo mpakani kote alikuwa mama mkwe wake.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na mama akimwona mkwe njiani huingia hata kwenye miwa ya watu. Mdomo ndio kabisa: haufunguliwi mbele yake, si kwa kutafuna, si kwa kucheka.

Walijaribu hivyo hivyo. Leonida alikaa jikoni, Oundo sebuleni akiupa mlango mgongo, na Naliaka katikati. Naliaka alitazama mdomo wa mamake, kisha akaukimbiza kwa mumewe. Ulikuwa ukiharibika njiani. Ndoa ilikuwa bado changa, hakuweza kumtazama Oundo bila kutabasamu, na ship haitoki kwenye mdomo unaotabasamu.

"Sheep," akasema Oundo.

"Mwambie hapana!" Leonida akaita kutoka jikoni.

"Mama anasema hapana."

"Nimesikia. Mwambie mama, mimi naona ni kitu moja."

"Mwambie sio kitu moja! Moja iko na manyoya!"

Jioni nilimwambia Leonida yaliyokuwa moyoni, maana sijui kumung'unya maneno. "Mwalimu, huyu akipita anaenda Mombasa na mtoto wako. Wacha aanguke. Desturi imekupa sababu."

Alichambua kunde kwanza. "Nimefikiria hiyo," akasema. "Lakini sijawahi kuacha mtu kwa darasa yangu bila kuelewa."

Nilimkasirikia sana. Nilijua nani angebaki akilia, na nani angemchemshia chai.

Desturi yenyewe ina mlango mmoja. Mkwe akileta mnyama mbele ya wazee, mama mkwe hufunguliwa mdomo. Ila hufanywa baada ya miaka, wajukuu wakiwa wameanza kutambaa. Mzee Mukhwana, shemeji yake Leonida, aliitwa naye, akaja Alhamisi na uso wa kesi.

"Haraka ya nini, mama? Hata mimba hakuna."

"Interview ni kesho, mzee."

Mzee akauliza mnyama yuko wapi.

Mnyama alikuwa njiani kutoka Moding. Oundo alikuwa ameuza redio yake, na kwa kuwa mbuzi walikuwa ghali, alifika juu ya baiskeli ya boda boda akiwa amempakata kondoo. Mzee aliwabariki. Leonida akaletewa ugali na kuku, akatafuna mbele ya mkwe wake kwa mara ya kwanza, kisha akainua uso. Mimi nilitazama pembeni kwa aibu isiyo yangu.

"Angalia mdomo yangu," akasema. Akamwonyesha mnyama. "Sheep."

Oundo akalisema vizuri, maana hilo alikuwa nalo.

Leonida akamtazama Naliaka, kisha akamgeukia tena mkwe wake. Midomo ikalegea, na mashavu, na macho. "Ship," akasema. Sikuona mwalimu pale, niliona mama. Lakini mdomo ulikuwa umekaa sawasawa.

"Ship," akasema Oundo, na halikuwa na kosa.

Ijumaa alipata kazi. Mwisho wa mwezi tuliwasindikiza hadi kwenye basi, na Leonida akampa mkwe wake mkono, kwa kuwa sasa iliruhusiwa. Alilia njia nzima ya kurudi. Chai nilimchemshia, kama nilivyojua.

Kondoo hakuchinjwa. Alifungwa nyuma ya jikoni, na kila jioni Leonida akimwingiza ndani alimwita kwa jina lake la Kiingereza, midomo ameivuta vizuri. Lile neno jingine sijamsikia akilitamka tena.