Udongo Mgongoni mwa Gitaa

Gitaa la kwaya yetu lilikuwa takataka, na nitasema hivyo mbele ya mtu yeyote. Lilikuwa jekundu, linang'aa, limekuja na kontena kutoka huko vinakotoka vitu visivyodumu. Siku lilipoanguka likamegeka kona, nilichungulia pale palipomegeka nikaona tabaka za plaiwudi zilizobandikwa kwa gundi ambayo mimi nisingebandikia hata fremu ya picha. Wanakwaya wenzangu waliliita "la kiwandani" kwa heshima kubwa, wakalifunika kitambaa cheupe. Mimi ni seremala. Nimetengeneza milango na vitanda hapa Kihesa, Iringa, miaka ishirini na kitu, na ningeona aibu kumpa mtu kabati la namna ile hata bure.

Aliyekuwa akilipiga ni dada yangu, amenizidi miaka minne. Alijifunza gitaa shule ya misheni wakati wasichana wenzake wakijifunza kufuma vitambaa vya makochi. Hakuna mwanamume kwenye kwaya aliyemfikia, nao walijua, na jambo hilo halikuwafurahisha. Kisha akaumwa. Akapelekwa Dar es Salaam, akakaa huko wiki sita, akarudi amekonda, mkono wa kulia umevimba, na titi la kulia halipo. Neno hilo naliandika leo. Wakati ule nyumbani kwetu tulisema "alifanyiwa upasuaji," na ukiuliza upasuaji wa nini, watu wanakutazama kana kwamba umemtukana mama yao.

Mwenyekiti wa kwaya ni mwalimu mstaafu, mtu wa koti la kijivu hata jua likiwaka vipi, na hawezi kusema "tufanye" kama anaweza kusema "turatibu." Alimwita dada mbele ya watu wote siku ya mazoezi.

"Mama, wewe pumzika. Umemtumikia Bwana vya kutosha. Safari ya Mbeya tutatumia kinanda."

Safari ya Mbeya ni ile ya mwisho wa mwaka, kwaya za nyanda za juu zinapokutana. Na kinanda chenyewe ni kile chenye ngoma humo humo ndani: unabonyeza kitufe, kinajipigia, wewe unasimama nyuma yake unatikisa kichwa. Nilimtazama mwenyekiti nikajiuliza, hivi huyu ndiye alikabidhiwa watoto wa watu awafundishe?

Dada hakubishana. Alisema atapiga gitaa. Mwenyekiti akatabasamu akatoa sharti: atakayepiga Mbeya ni yule atakayeweza kusimama na chombo chake mazoezi yote, mwanzo mpaka mwisho, "ili tutendeane haki." Haki! Alikuwa amekwisha kuona. Jumapili iliyotangulia dada alivaa lile jekundu, ukingo wake ukamkaa kifuani, beti moja tu akaliweka chini akatoka nje akijifanya amepigiwa simu. Zilikuwa zimebaki wiki tisa. Nami nawajua hawa watu wetu. Kitu wakishakiingiza kabatini hakitoki. Asingepiga Mbeya, asingepiga tena.

Kesho yake alikuja karakana kwangu, akakaa juu ya rundo la mbao.

"Mdogo wangu, nitengenezee gitaa ninaloweza kulivaa."

Nikaanza kuchora. Kwa asiyejua, magitaa ya umeme, ukiondoa mbwembwe, yametoka kwa mababu watatu au wanne. Lipo la ubao bapa, pembe moja, kingo kali zinazochoma mbavu. Lipo zito lililotuna mbele, shingo imegundishwa kabisa, hilo ukilivaa ibada nzima mgongo unakusema. Na lipo la pembe mbili. Waliobuni hilo walikuwa na akili kuliko wenzao, kwa sababu nyuma walilichonga bonde likae kwenye mbavu, na mbele wakalainisha pale mkono unapolala. Nikachukua umbo la pembe mbili, nikapunguza upana, nikapanga kuchimba vyumba viwili vitupu ndani ili uzito upungue.

Kwa ujinga wangu nikatuma mchoro kwenye kundi moja la simu la wapenda magitaa. Loo! Wataalamu wakafumuka. "Usiguse umbo la asili." "Ukichimba hapo sauti inakufa." "Hilo bonde lina kipimo chake, kaka, halibadilishwi." Aliyeandika hilo la mwisho kwenye picha yake alikuwa amekumbatia gitaa ambalo karatasi ya bei bado inaning'inia. Hajawahi kushika patasi tangu azaliwe. Nikawasonya nikatoka kwenye kundi.

Kwenye mbao nako nikakutana na vichwa maji. Nilichagua paina ya Mufindi, kavu, nyepesi, niliyokuwa nimeihifadhi darini miaka mitatu. Kila mteja aliyepita alicheka. "Fundi, gitaa la paina? Si mbao ya kenchi za paa hiyo?" Wote walitaka nitumie mninga, kwa sababu Iringa mtu akisikia mninga anavua kofia. Hawa ndio wanaoniagiza makochi yenye vichwa vya simba kwenye sebule ambayo simba mwenyewe asingeweza kugeuka. Dada yangu mkono umevimba, nimbebeshe mninga! Shingo na pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, nilizitoa kwenye gitaa bovu nililolipata Mwanjelwa, Mbeya, nilipokwenda kupeleka milango ya mteja. Kiwiliwili chake nilikichanja kuni bila huruma.

Wiki ya tatu gitaa lilikuwa tayari kujaribiwa. Lile bonde la nyuma nililichonga kwa uangalifu mkubwa, nikalipima kwa kulivaa mwenyewe mbele ya kioo cha kabati la mteja. Tumbo langu ni la mtu wa ugali mara mbili kwa siku, na bonde lilikaa juu yake kama limezaliwa hapo. Nikajipongeza.

Dada akalivaa. Akasema, "Zuri." Akaanza kupiga. Mstari wa pili nikaona analisukuma mbele kwa mkono wa kulia, likawa limesimama mbali na mwili wake, uso umekakamaa.

"Linagusa?"

"Kidogo. Nitazoea."

Nikapandwa na hasira. "Utazoea nini? Nimekushonea kiatu mimi? Linagusa wapi?"

"Huku," akasema, akapunga mkono hewani, akatazama ukutani.

Nilikuwa na penseli mkononi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, kutia alama mahali panapouma, basi. Ningekuwa ninamtengenezea mtu mwingine kiti ningemwambia kaa, inuka, geuka, bila haya. Lakini huyu ni dada yangu. Kwetu kaka hatazami hapo, hagusi hapo, na jina la hapo halimtoki mdomoni. Nikaigeuza penseli, nikaikagua ncha yake kana kwamba ndiyo yenye kosa.

"Mke wangu aje akupime," nikasema.

"Mkeo fundi?"

Nikaichomeka penseli sikioni. Yeye akawa anatazama nje. Mvua zilikuwa zimeanza, na jirani yangu anayefyatua tofali alikuwa amekanda udongo, rundo zima liko mlangoni kwangu, jambo ambalo nilikuwa nimemfokea kwalo asubuhi hiyo hiyo.

"Niletee ndoo ya ule udongo," dada akasema. "Na nailoni, nisichafuke."

Nikaleta. Akachukua gitaa, akaingia nalo stoo ninamoweka mbao, akafunga mlango. Mimi nikabaki nje nikipiga randa ubao ambao haukuhitaji kupigwa randa. Nilimsikia akipachika udongo, pa, pa, pa, kama mtu anayekandika ukuta. Kisha nikasikia nyuzi. Alikuwa anapiga, taratibu, amelivaa na udongo wake, anasimama, anahama, anaacha, anaanza tena. Akatoka akiwa amejifunga kitenge chake vizuri, mikono imejaa tope.

"Nimesimama nalo mpaka likaacha kuuma," akasema. "Chonga hivyo. Na usinifuate na maswali."

Akaenda zake. Nikaingia stoo.

Gitaa lilikuwa limelazwa juu ya mbao, mgongo juu, udongo umelifunika unene wa vidole vitatu. Katika kichwa changu, mahali palipoondolewa kitu panakuwa tambarare. Ndivyo nilivyodhani mwaka mzima, kama nilidhani chochote. Udongo ulinikanusha. Mahali pengine ulikuwa umeinuka, kwa maana pale mwilini mwake pamebonyea kabisa. Mbavu mbili zilikuwa zimejichora waziwazi. Na mshono ulipita katikati ya yote hayo, umepinda, kutoka kifuani hadi kwapani, mrefu kupita kiganja changu na vidole vyake. Bonde langu, lile nililojipongeza kwalo, lilikuwa chini mno, shibri nzima kutoka mahali palipouma.

Nilikaa juu ya ndoo nikalia. Nilimtembelea hospitali mara mbili. Nilimpelekea machungwa, nikakaa pembeni ya kitanda nikalalamika juu ya foleni za Dar es Salaam, joto la Dar es Salaam, na wahuni wa Dar es Salaam, kisha nikapanda basi nikarudi. Sikumuuliza umekatwa wapi, sikumuuliza unaumwaje. Nilimdharau mwenyekiti kwa kumwambia apumzike. Mwenyekiti angalau alisema naye.

Nikaanza kiwiliwili kipya. Nilikunja nyaya laini juu ya udongo, mkunjo mmoja baada ya mwingine, nikahamishia kila mmoja kwenye hadibodi nikaukata, nikapata violezo kumi na vinne vya mgongo wa gitaa moja. Mahali pa kina nilibakiwa na ubao mwembamba chini ya pikapu, nikahamisha nyaya na swichi zote upande wa pili. Umbo la pembe mbili nililibakiza mbele, lile lile linalojulikana duniani kote. Nyuma palikuwa pa dada yangu. Ukingo wa juu niliuzungushia msasa kwa mkono siku nne, mashine sikuigusa.

Mazoezini alisimama na gitaa hilo nyimbo zote, na marudio yote, na hotuba yote ya mwenyekiti kuhusu nidhamu, ambayo ndiyo ndefu kuliko vyote. Hakulisukuma mbele hata mara moja. Mwenyekiti akasema, "Tumeona," akaandika kitu kwenye daftari lake. Uso wake mzima ulikuwa unatafuta kosa.

Safarini Mbeya tulisimama Igawa, mwenyekiti akashuka kununua mchele kana kwamba Iringa watu wanakula majani. Akabishana na akina mama wa watu bei mpaka dereva akapiga honi. Tulifika ukumbini tumechelewa, kwaya nyingine tayari zimejipanga kwenye chumba cha nyuma zikinoa sauti. Hapo ndipo yalipotokea.

Wapigaji wa kwaya za wenyeji walikuja kutazama gitaa la dada. Walilisifu mbele, wakauliza ni la nchi gani. Mwenyekiti, ambaye wiki zote hizo hakulishika, akalichukua sasa alionyeshe yeye. Akaligeuza. Wakaona mgongo.

"Ah, msishangae," akasema akicheka. "Ni la kuchonga hapa hapa kwetu. Fundi alikosea nyuma, sijui lililiwa na panya." Watu wakacheka naye.

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Mdomo wangu, ambao haujawahi kunikosesha neno la kumchana mtu, ulifunguka. Nilitaka kumwambia, wewe mzee hovyo, unajua hilo bonde ni la nini? Na ghafla nikaona neno ambalo ingenibidi nilitaje, mbele ya wanaume na wanawake, mbele ya wachungaji, dada mwenyewe akisikia. Likanikwama. Nikasimama pale, watu wakicheka kazi yangu na mwili wa dada yangu.

Dada akanyoosha mkono akachukua gitaa lake.

"Hajakosea," akasema. Hakupaza sauti. "Mimi nilikatwa titi. La kulia, hapa, lote. Gitaa la kawaida linaniumiza, kwa hiyo kaka yangu amenichongea hili."

Kijana mmoja wa ngoma aliinamia viatu vyake. Mama mmoja wa kwaya ya Mbarali aliziba mdomo kwa kiganja, kisha akakishusha, akakiweka kifuani mwake. Mwenyekiti alisema "Mama, samahani," akafunga kifungo cha koti, akakifungua tena.

Dada alikuwa ananitazama mimi.

"Na wewe," akasema, "mwenye mdomo wote huo. Mwaka mzima. Ulikuwa unasubiri nini?"

Nilimshikia waya, akauchomeka, akaenda mbele akapiga nyimbo zote tano amesimama, na mimi, niliyepaswa kuimba naye, nikabaki chumba cha nyuma na wale watu.