Udongo wa Koti la Sajini Yugu

Natale Mindra alikuwa fundi cherehani wa sare za jeshi mjini Arua hadi mwaka 1979, serikali ilipoanguka na wateja wake wakazivua sare hizo ndani ya wiki moja, wengine barabarani. Akavuka kwenda Zaire, akarudi 1987, na kwa kuwa alijua nguo, akapewa chumba kimoja katika jumba la makumbusho la mji, kabati la kioo na cheo cha mhifadhi wa mavazi ya kale. Maadui wa kazi hiyo, alisema, ni wanne: nondo, mchwa, mvua, na watoto wa marehemu. Watatu wa kwanza wana dawa.

Nguo aliyoithamini kuliko zote ilikuwa koti la kakhi la Sajini Yugu wa Koboko, askari wa Keya, jeshi la Waingereza, aliyepigana Bama katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1980, kukutwa na nguo ya jeshi, hata ya vita vya Wazungu, kulitosha mtu auawe na askari wa serikali mpya. Yugu akalifukia koti ndani ya mtungi, akakimbilia Sudan. Aliporudi, mtungi ulikuwa umepasuka na koti limekuwa jekundu kwa udongo hadi kwenye mishono. Mwaka 1991, akiwa mgonjwa, yeye mwenyewe alimkabidhi Natale koti hilo.

"Usifue," alisema. "Hii udongo iliokoa mimi. Watu waone."

Natale akaahidi. Miezi miwili baadaye mzee akafa.

Ndipo akaja binti yake, Rosa Kiden. Alisimama mbele ya kabati kama aliyeitwa kutambua maiti.

"Fundi, hii ni nini?"

"Koti ya baba yako, mama."

"Baba yangu alipiga pasi mpaka kamba ya viatu! Hii iko ya mtu alilala kwa mtaro."

Natale akaeleza. Rosa alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama Arua hakuna sabuni. Kwao, nguo za marehemu hufuliwa zote ndipo matanga yaishe. Limebaki koti hili, kwa hiyo kwa hesabu yake matanga hayajaisha. Akarudi siku ya soko na kipande cha sabuni. Na siku ya soko iliyofuata. Natale alimweleza mara saba, ya saba kwa kuchora.

Jumatatu moja alikwenda Onduparaka kumfuata seremala aliyekuwa akiahidi kibao cha kutundikia koti tangu Pasaka. Ufunguo alimwachia Pasca, mfagiaji.

"Ni mtoto ya mwenye koti," Pasca alijitetea baadaye. "Nifunge mlango, nimwambie nini?"

Natale alilikuta koti kwenye kamba: limefuliwa, limetiwa wanga wa muhogo, limepigwa pasi ya mkaa, mikunjo ya mikono ingeweza kuchinja kuku. Rosa alikuwa ameketi kando, ametulia.

"Sasa iko sajini."

Natale alikaa kwenye ngazi. Ndani ya kabati, kadi ya maelezo aliyoiandika bado ilitangaza udongo ambao sasa ulikuwa mtaroni. Kwa mazoea ya fundi tu, akalipapasa koti. Mfuko wa ndani ulikuwa mgumu.

"Hapa hukufua?"

"Mfuko ya baba?" Rosa alishtuka. "Mimi niingize mkono kwa mfuko ya baba?"

Nyumbani kwa Yugu, mtoto wa namna hiyo aliitwa mwizi, na kifo hakikuwa kimebadilisha sheria.

"Basi nitoe mimi."

"Wewe ndiyo hapana kabisa!"

Walibishana hadi magharibi. Mwishowe Rosa akafumba macho, akasema, "Hodi, baba," akaingiza vidole viwili. Kikatoka kipande cha udongo, maji yamekikanda na pasi imekioka: chembamba, chekundu, kigumu kama biskuti.

Rosa alikigeuza kiganjani.

"Hii ndiyo alisema usifue?"

"Hiyo."

Natale akakiweka kabatini chini ya koti, akaandika kadi nyingine.

Siku ya soko Rosa alirudi bila sabuni. Alileta kitambaa cheupe cha kufuma, kimekakamaa kwa wanga, cha kutandikia udongo wa baba. Natale alifungua kinywa amweleze kwamba wanga huita mende. Akakifunga, akafungua kabati.