Harufu ya Udi Nyuma ya Kufuli

Kilikuwa kikohozi kimoja kifupi, kilichokatwa katikati, kama cha mtu aliyejiziba mdomo. Nilikisikia nikiwa bado ngazini, kabla macho hayajazoea kiza cha chumba cha chini cha duka lile la nguo, huku Alexandria ya Marekani. Juu palikuwa na leso, mashela na chupa za manukato. Chini, mwenye duka alikuwa ameniapia, hamna kitu ila mabunda ya vitambaa.

"Nani anakohoa, mama?"

"Mabomba, mwanangu. Mabomba ya Marekani yana mafua kila baridi ikiingia."

Nilicheka. Leo nikikikumbuka kicheko kile, najionea haya.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili na mimi nilikuwa mkaguzi mpya wa moto. Niliingia madukani na mikahawani kutazama nyaya, milango ya dharura na mitungi ya kuzimia moto, nikapiga picha, nikaandika nilichokiona. Nilivaa shati la buluu lenye beji kifuani. Asubuhi ile mama yule, mtu wa Mombasa, aliponiona mlangoni midomo ilimkauka. Nilipomwamkia shikamoo alichangamka ghafla, changamko la mtu aliyeponea chupuchupu, akanikalisha kitini. "Ngoja nikakuwashie taa chini, usije ukajikwaa." Alikawia. Nilisikia vitu vikiburutwa.

Sasa nilikuwa chini, naye nyuma yangu, pumzi zake shingoni mwangu. Palikuwa na cherehani mbili. Chini ya sindano ya mojawapo mlikuwa na mkono wa gauni ulioshonwa nusu, na kando yake kikombe cha chai kilichokuwa bado kinafuka. Nikainua macho darini. King'ora cha moshi kilikuwa kimevishwa kofia ya plastiki, ile ya kuogea.

"Mbona hiki kimevaa kofia?"

"Aa, hicho hakijui raha. Tukifukiza nguo, kinapiga mayowe kama kimeibiwa."

Hapo ndipo harufu iliponifika: udi mzuri, wa harusi. Ilitoka mwisho wa chumba, kwenye kimlango cha mbao chenye kufuli. Chini ya kimlango moshi mwembamba ulitambaa sakafuni. Mafunzoni nilikuwa nimefundishwa kwamba makaa yakiwaka mahali pasipo hewa hutoa sumu isiyo na harufu. Mtu husinzia, basi. Hakuna aliyenifundisha kwamba sumu hiyo inaweza kuja imejipamba, inanukia kama bibi harusi.

"Mama, humo kuna makaa?"

"Kidogo tu. Chetezo cha kufukizia udi. Nimekificha usije ukaniandikia."

"Na nani mwingine umemficha?"

Alikitupia jicho kile kimlango. Nilitega sikio nikisubiri kikohozi cha pili. Hakikuja. Sijapata kuogopa kimya cha namna ile.

"Fungua!"

Alijipapasa kifuani, akamwaga mkoba, akafungua fundo la leso na kulifunga tena bila kuangalia kilichokuwamo. "Ufunguo, Mola wangu, ufunguo..." Nilichomoa mtungi wa kuzimia moto ukutani nikagonga komeo kwa kitako chake. Nikagonga tena. Mbao ikapasuka, skrubu zikaruka, mlango ukafunguka.

Mwanamke wa makamo alikuwa amekaa sakafuni kati ya nguo, kichwa kimeegemea ukuta, kitambaa amekisokomeza mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Mbele yake palikuwa na tenga lililotandikwa magauni juu ya chetezo chenye makaa. Pindo la gauni moja lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi. Nilimimina dawa ya mtungi juu ya vyote, tukamshika huku na huku tukampandisha ngazi. Niliuacha mlango wa duka wazi, nikauzuia kwa bunda la kitambaa, nikamkalisha penye upepo. Kisha nikaita gari la wagonjwa.

Alitapika. Akafumbua macho, akamtazama mwenye duka.

"Wifi, kama umenichoka si uniambie, kuliko kunifukiza kama kanzu ya bwana harusi."

Mwenye duka alipiga magoti akilia. "Nisamehe, mke wa kaka yangu. Nilidhani ni dakika moja. Nilidhani akiona moto atanifungia duka, na akikuona wewe..."

"Kwa nini hukupiga kelele?" nilimuuliza mgonjwa.

Aliitazama beji yangu. "Nilidhani ni watu wa Uhamiaji, nami sina karatasi. Nikaona heri ninyamaze nife, wifi abaki na duka lake." Kisha, taratibu: "Nilinyamaza kwa sababu yako wewe."

Nikaishusha kalamu. Nikamwambia mimi nami nimehamia huku, mtu wa bara, sina kazi na pasi ya mtu, nina kazi na moto. Nikamwambia sumu ile hukaa damuni, mtu hujiona mzima kisha akaanguka njiani, lazima apewe hewa ya hospitali.

"Utaandika?" mgonjwa akauliza.

"Nitaandika mlango, kufuli, makaa na king'ora. Chumba kile hakitatumika tena."

"Na mimi?"

"Nitaandika kwamba ndani palikuwa na mtu."

"Mtu, basi?"

"Mtu."

King'ora cha gari la wagonjwa kikasikika mbali, kikikaribia kwenye barabara kuu. Alisimama. Akashika kaunta asianguke. Nilimkamata mkono, ulikuwa baridi, na mapigo yake yalikuwa yakikimbia kama yangu.

"Dada, nakuomba. Wale ni madaktari tu."

"Wamevaa sare?"

Sikuweza kusema hapana.

"Kaa, wifi," mwenye duka alimsihi. "Kaa, nitasema wewe ni mteja."

Yeye aliutoa mkono wake mkononi mwangu, kidole kimoja baada ya kingine, akajitanda leso mpaka usoni.

"Basi andika na hili," akaniambia. "Mtu huyo ametoka."

Akalisukuma bunda la kitambaa kwa mguu, akapita, na mlango ukajifunga nyuma yake.