Gamaliel na ba-Kakule makumi tatu na moja

"Ule Gamaliel anaficha majina," Berthe aliniambia tukiwa tunafua nguo. "Ya batu yake anaonyesha. Sisi wengine anatudanganya tu, juu tumuache na amani."

Berthe ni jirani yangu mu lupango, ua moja ya nyumba hapa Butembo, tangu vita ilimufukuza Eringeti bila Kakule, mutoto wake wa miaka saba mwenye alama ya moto kwa mukono. Alikuwa na haki ya kukasirika. Gamaliel alimuambia Kakule yuko Kalunguta, kwa batu waliokimbia. Berthe akapanda pikipiki na shati safi ya mutoto mu mufuko. Kule wakamuitia muzee mwenye ndevu nyeupe.

"Kakule ni mimi, mama," ule muzee akasema, na haya.

Mais mimi nilimujua Gamaliel. Alikuwa mwalimu kule Eringeti, mutu mwembamba anayefunga kifungo ya shingo hata jua ikiwa kali. Padri alimupa ordinateur, kompyuta ya zamani, mu bureau ya parokia. Mule alipanga majina kwa mistari: upande moja ya batu wanaotafutwa. Upande wa pili, juu, wale waliofika mu makambi, na chini yao wale ambao vijana wa parokia walizika. Mimi nilimaliza darasa la sita ya primaire. Donc kila asubui, mutoto wangu Joyeuse mu mugongo, nilikuwa ninamusomea ma-cahier, daftari za makambi, yeye anaandika; ya waliozikwa vijana wenyewe walikuwa wanaiingiza.

Kesho yake, kisha maneno ya Berthe, Gamaliel hakuandika kitu.

"Mama Joyeuse, nimeona kosa yangu. Hii mashini haina akili. Ukiiuliza Kakule, inashuka toka juu, inakuta Kakule wa kwanza, inasimama pale. Na sisi, kila kijana wa ine kuzaliwa mu nyumba, kisha wale watatu, ni Kakule! Nimehesabu ba-Kakule makumi tatu na moja."

"Wale walioitengeneza hawazai vijana ine?"

Akacheka. Kisha akaunganisha, kwa kila mutu, jina yake, jina ya mama na ya kijiji, ikuwe kitu kimoja. Akaiuliza mashini tena. Ikaandika alama moja tu mbele ya kila jina, toka juu mpaka chini.

"Inasema haikuona mutu," akanieleza.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alishika kichwa. Alitazama majina sana, kidole kwenye kioo, kisha akapiga meza. Kumbe, siku za kwanza, akiandika wale wanaotafutwa, kwa mazoea ya mashini ya kuandikia ya masomo, kila jina ya kijiji alikuwa anaimaliza na nafasi tupu, kama mutu anayepumua. Macho haiioni, mashini inaiona. Akafuta zile nafasi, na majina ikaanza kujibu. Kitsa, mutoto wa Vagheni, yuko kambi ya Masereka na nyanya yake. Muyisa yuko Beni. Nilipiga makofi, Joyeuse akaamuka.

Mustari wa Berthe ulibakia na ile alama.

"Uache hivyo, mwalimu," nikamuambia. "Kama haimuoni, pengine yuko anatembea bado mu pori."

Aliisoma formule, ile amri aliyoipa mashini, pole pole, kama anasahihisha devoir ya mwanafunzi. Ilikuwa inatafuta mpaka mustari wa mia moja na makumi munane, pale makambi inaishia. Alikuwa ameiandika kabla vijana walete liste yao. Chini ya pale haikushuka hata siku moja.

Akabadilisha namba. Akakosea, akaandika tena.

Kakule, wa Berthe, Eringeti. Ikamuona. Mustari wa mia mbili na tatu, kati ya waliozikwa.

"Pengine ni mwingine," nikasema.

Akafungua cahier ya vijana. Miaka saba. Alama ya moto kwa mukono wa kushoto. Mimi niliiona jina ya mama yake, imeandikwa na kalamu nyekundu. Nilimubana Joyeuse mpaka akalia.

Gamaliel alizima mashini. Alifungua kile kifungo ya shingo, akakaa.

"Mama Joyeuse, nilimutuma Berthe Kalunguta bure. Leo nikimuambia, atasema ni uongo tena, na ataendelea kumungojea ule mutoto miaka yote. Wewe anakuamini. Ukamate hii cahier. Twende kwake wote wawili, mais umusomee wewe, na mudomo yako. Nakuomba."