Vimulimuli vya Mchana

Ukimwamkia shikamoo, nesi wa zahanati yetu huku mlimani huitikia marahaba huku anatazama miguu yako. Sisi wajawazito tumemzoea. Anainama, anakandamiza kidole gumba kwenye muundi, midomo inahesabu bila sauti, kisha anakiondoa taratibu na kuangalia shimo linavyochelewa kujaa. Mikono yake ni ya baridi hata jua la saa sita likiwaka. Na swali lake ni lilelile kila kliniki: "Unaona nini?" Tulidhani ni utani wake.

Jumanne, Justa aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alimjibu akicheka kwamba anaona vimulimuli. Mama mkwe wake akanong'ona, "Ni mababu, wanakuja kumtazama mtoto." Nesi hakucheka. Alipima presha mara mbili, akachovya kijikaratasi kwenye mkojo, kikageuka kijani, ishara mbaya. Akamgonga chini ya goti, mguu ukaruka kama si wake. "Mama, hao si mababu. Ni kifafa cha mimba kinabisha hodi," alisema, kwa sauti ileile anayoitia majina, huku anavuta dawa kwenye sindano. "Justa, utasikia joto mwili mzima. Usiogope." Gari la wagonjwa likamshusha hadi hospitali ya Same. Nesi akanawa mikono, akaja kwangu, akainama. Kidole kikazama. "Na wewe, unaona nini?" Nilikuwa nimejiandaa kusema sioni kitu, lakini vimulimuli vilikuwa vinatua mabegani mwake, kimoja kimoja, na midomo yake ilikuwa imeshaanza kuhesabu.