Bima ya moto, ziwa mlangoni

"Wakala wa bima wa nini siku hizi? Kata kwa simu, maliza."

Jana bwana mmoja aliandika hivyo hapa kundini, nanyi mkamshangilia.

Leo asubuhi nimesaidia kutoa magunia ya dagaa yaliyolowa kwenye ghala la Mama Zaituni, pale ufukweni Ujiji. Ziwa limeingia usiku. Mtaji wake wote ulikuwa mle ndani.

Mkaguzi wa bima akafika, suruali ameikunja.

"Mama, bima yako ni ya moto."

"Yebaba wee! Moto? Jirani yangu ni ziwa, baba, moto wa nini?"

"Ndiyo uliyochagua kwenye simu, mama."

Akakaa juu ya gunia lililolowa. Hakulia. Afadhali angelia.

Sasa sikieni. Ghala la Mzee Bakari limepakana na hilo, ukuta kwa ukuta. Wakala wake alikuja kwa miguu, akautazama mlango, akagoma kumuuzia bima ya moto peke yake.

"Mzee, adui yako ni ziwa. Pandisha magunia juu ya chaga, halafu tutafute bima inayotaja mafuriko."

Leo dagaa wa Mzee Bakari ni wakavu.

Simu ingeyaona wapi hayo?

Ninyi mawakala wa Kigoma mjini, mnaouza kwa simu bima za maghala ambayo hamjawahi kuyakanyaga: kesho vueni viatu, mje Ujiji. Anzeni kwa Mama Zaituni. Mwambieni usoni mlimuuzia nini.